Udi kwenye Mabuti ya Kukodi

Kwanza niseme wazi kwamba mlima wenyewe unanitia kinyaa. Nimeufanyia kazi miaka na sijauzoea. Mlima gani unaokaa ndani ya jengo la maduka, una paa, una taa, na watu wakienda kulala unafungwa kwa kufuli? Nje jua la Dubai linalainisha lami; ndani watu wamelipa ili watetemeke. Wanavaa makoti tuliyowakodisha, wanafunga mbao ndefu miguuni, wanapandishwa juu kwa viti vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma, kisha wanateremka wakiteleza na kupiga kelele. Kwa mbali barafu ile ni nyeupe, utasema pamba. Isogelee. Ina nywele, ina plasta za vidonda, ina pipi iliyotemwa. Siku moja niliokota humo jino, na halikuwa la mtoto.

Kaunta ya mabuti, ninapofanya kazi mimi, iko chini kabisa, mkabala na benchi refu la kuvalia. Buti la barafu ni dude zito la plastiki ngumu nje, na ndani lina sponji. Sponji hiyo inakunywa jasho la kila anayelivaa, kutwa nzima, wiki nzima. Sisi tunalipulizia dawa yenye harufu ya ndimu ya uongo, tunalirudisha kwenye shelfu, anakuja mwingine analivaa. Ukitaka kujua harufu ya jasho la watu wasiojuana lililochanganywa na ndimu, njoo kwangu jioni ya Jumamosi. Huko ndiko nilikomjua Mwalimu.

Alizaliwa wapi na ukoo wake upi sijui, sikuuliza, na angeniambia angenichosha. Tulimwita Mwalimu kwa sababu hakuitikia jina jingine. Alikuwa amefundisha mazoezi ya viungo katika shule za hapa mpaka akastaafu, na filimbi yake alistaafu nayo. Ilikuwa shingoni daima. Alikuwa wa zile familia za Kizanzibari zilizokaa mtaa wa Al Twar tangu zamani, wenye nyumba ya geti na mti wa mkungu uani, na Kiunguja chao walichokitunza vizuri kuliko vyombo vya harusi. Mimi ni mtu wa Musoma. Nakaa International City, chumba kimoja na wanawake wenzangu, vitanda vya juu na chini. Mara ya kwanza nilipomsikia akizungumza Kiswahili kwenye foleni nilifurahi kabisa, nikamwamkia kwa heshima zote.

"Shikamoo mzee."

Hakuitika papo hapo. Alivuta pumzi kwanza, akaikunja pua.

"Marahaba. Umekula dagaa wewe."

Ni kweli nilikuwa nimekula dagaa. Nilikuwa nimekula saa za mapumziko, nikapiga mswaki, nikatafuna bigijii mpaka taya zikauma. Nilimkabidhi mabuti yake na nikamchukia kuanzia pale. Kwetu dagaa ni chakula, si jambo la kuombea msamaha.

Pua ile ndiyo iliyokuwa ikimtangulia kila mahali. Mwalimu hakuangalia kitu kabla hajakinusa. Ukimpa buti, alilipeleka usoni kama mtu anayechagua tikiti sokoni, kisha anatoa hukumu kwa sauti ya uwanja wa mpira. "Huyu alivaa bila soksi." "Huyu ana maradhi ya vidole, msimpe tena." "Hili lilivaliwa na mtu mwenye hofu, jasho la hofu silipotezi mie." Wateja waliokuwa nyuma yake hawakuelewa maneno, ila pua iliyokunjwa inaeleweka na kila taifa, nao wakaanza kunusa yao. Foleni ilisimama. Nilitamani ardhi impasukie.

"Miguu ya mtu ni siri yake," alikuwa akisema, "nyie mmezipanga siri za watu kwenye shelfu, kisha mnatuvika."

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alisema kweli.

Basi akawa na dawa yake. Alikuja na chetezo cha betri, kidogo, umbo la chupa ya chai, na udi aliouchanganya mkewe mwenyewe nyumbani. Alikaa mwisho wa benchi, akatia chetezo ndani ya buti, akalifunika juu kwa mtandio wa mkewe, moshi uzame usitoke. Akimaliza la kulia, la kushoto. Alifanya hivyo kila Jumamosi, bila haraka, huku watu wakimruka miguu. Harufu ilikuwa nzuri, sitaki kudanganya. Ilifika mpaka kaunta na kwa muda mfupi ile ndimu yetu ilinyamaza. Lakini mtu anayefukiza kitu chako mbele yako anakuambia nini? Anakuambia unanuka. Nilikuwa nikigeuka nikipanga helmeti zisizohitaji kupangwa.

Siku nilipochoka nilimuuliza, "Mwalimu, kinyaa chote hiki, kwa nini usinunue mabuti yako? Maduka yamejaa."

Alinitazama kama nimemtukania mama. "N'nunue? Kwani mie nakaa hapa? Haya ni ya muda tu, mwanangu. Mtoto akishakuja nyumbani, hapa hamn'oni tena, inshallah."

Mtoto huyo alikuwa mjukuu wake wa kike, na ndiye aliyekuwa sababu ya mzee mzima, mwenye goti bovu, kufunga mbao miguuni. Mwanawe Mwalimu alimwacha mkewe na kwenda zake Kanada, huko kwenye barafu isiyohitaji paa, na kutoka huko alikuwa akituma picha zake amevaa kofia ya manyoya. Mwanamume huyo sijawahi kumwona, na picha zilinitosha. Mtoto alibaki na mama yake. Mama alikuwa na ugomvi na mkwewe, akaweka sharti: Babu amwone mjukuu Jumamosi tu, mlimani tu, saa za mtoto za kuteleza, na yeye mama akiwa amekaa kwenye mkahawa nyuma ya kioo kikubwa, anawaona. Nyumbani Al Twar mtoto haendi.

Na Al Twar ndiko alikokuwa Bibi. Mkewe Mwalimu alikuwa kitandani, moyo umechoka na kifua hakitaki baridi. Kumleta mlimani ilikuwa ni kumuua. Alikuwa amempakata mtoto yule akiwa mchanga, basi, hajamshika tena. Mwalimu aliniambia haya akiwa ameinama anabana buti, hakunitazama. "Daktari kasema tusihisabu miaka. Bibi hataki kitu. Anataka mtoto aingie mlangoni, amkumbatie, amnuse utosi." Hilo tu. Kila Jumamosi aliyoipanda na kuishuka ilikuwa kwa ajili ya hilo.

Usidhani kujua hivyo kulinifanya nimpende. Mtu anaweza kukuhuzunisha na bado akakutia kichefuchefu. Yeye aliyelaani vidole vya dunia nzima, vyake vilikuwa na kucha za njano, nene, zilizojikunja. Niliziona siku alipobadilisha soksi na sikula mchana ule. Leso yake aliikunja ikiwa mbichi na kuirudisha mfukoni. Goti alilipaka mafuta ya karafuu mengi mpaka suruali za kukodi zikawa na doa, na aliyezifua alikuwa mwenzangu. Na ile filimbi! Nathubutu kuapa haikuwahi kuona maji tangu atoke shuleni.

Lakini pia Jumamosi hakuja mikono mitupu. Bibi, akiwa hukohuko kitandani, alimsimamia mtumishi jikoni na kututumia vitumbua, vya moto bado, vimefungwa vizuri kwenye kitambaa. Mwalimu hakuvigawa mpaka tumenawa, na hakutuamini kwa maneno. Tulijipanga nyuma ya shelfu, watu wazima wenye vitambulisho vya kazi vifuani, tukamwonyesha viganja mbele na nyuma. Akiona uchafu kwenye kucha anakurudisha. Nilikuwa nikijiambia wiki hii simwonyeshi mtu viganja, na kila wiki harufu ya hiliki ilinishinda.

Mwenzangu mmoja, Mganda, alishikwa na homa kali kazini, akawa anatapika kwenye ndoo. Msimamizi alikuwa bado anatafuta nani wa kumpigia simu. Mwalimu alivua mabuti, akaenda kuleta gari lake mpaka mlango wa nyuma, akatandika kiti chote kwa mifuko ya plastiki, kwa utaratibu, hata pembeni, mgonjwa akingoja amesimama anayumba. Kisha akampeleka hospitali akakaa naye mpaka jioni. Kukaa naye hakukumzuia kumwambia njia nzima kwamba anavunda. Mganda alirudi akitusimulia anacheka mpaka machozi. Mimi sikucheka sana. Niliona ile mifuko ya plastiki, nikafikiri, huyu hata wema wake ameukunjia pua.

Mlimani kwenyewe alikuwa kituko. Kabla ya kupanda alinyoosha viungo kwa filimbi, kushoto, kulia, chini, na vitoto vya wageni vikamfuata bila kuambiwa. Aliteremka upande wa wanaojifunza, amenyooka, amebana midomo, kama mtu anayeshuka ngazi za giza na sinia la glasi. Hakuanguka mara nyingi. Akianguka, jambo la kwanza alilofanya ni kunusa glovu.

Baridi inatoa watu kamasi, hata watu wa heshima. Mwalimu hakuweza kuvumilia hilo. Alisimama chini ya mteremko na boksi la tishu kwapani, na aliyejifuta pua kwa glovu alipigiwa filimbi. "Wewe! Tishu!" Waarabu, Wahindi, Wazungu, wanaume wenye ndevu, wote walitii, wakachukua tishu. Mimi alinifuma siku moja nikijifuta kwa mkono wa sweta, kaunta imejaa wateja. Alipuliza filimbi ile mpaka watu wakageuka. "Mtoto wa kike! Kwa sweta! Na mikono hiyohiyo unatupa mabuti?" Aliniwekea tishu mbele yangu, akasimama mpaka nikapenga. Sijawahi kuaibishwa hivyo, na nimefanya kazi za ndani kwa madam wawili.

Wakati mwingine nilipangwa kwenye viti vya kupandia, kuwashika watoto wakae vizuri. Hapo ndipo nilipomjua mjukuu. Alikuwa mwembamba, ana meno ya mbele makubwa, anazungumza Kiingereza cha shule na Kiarabu kidogo. Viti vile vinapanda polepole, na ule mwendo wa kupanda ndio uliokuwa darasa lao, maana huko mama hakuweza kusikia. Mwalimu alimfundisha Kiswahili. Na Kiswahili gani! Cha mtu ambaye dunia inamnukia vibaya. Mtoto alijua "uvundo" kabla hajajua "asubuhi." Alijua "kinyaa," "uchafu," "astaghfirullah," "ondoa."

Pale mlimani wana pengwini, wanatolewa kutembezwa ili watu wapige picha. Ndege wazuri kwa macho, lakini wanakula samaki na wanajisaidia wanapotembea. Siku moja mtoto alikuwa kwenye foleni ya viti, pengwini wakapita, wageni wote wakasema aaah. Mtoto akakunja pua, pua ileile, akasema kwa Kiunguja safi kisicho na dosari:

"Babu, yarabi, uvundo huo!"

Mwalimu alifurahi nusura aanguke na mbao zake. Alinigeukia mimi, mtu wa dagaa. "Umesikia? Umesikia 'yarabi' yake? Ntakwenda kumwambia Bibi yake leo."

Ugomvi wenyewe nilisimuliwa na mama mtu. Alikuwa Mkenya wa Nakuru, anafanya kazi ofisi moja Bur Dubai, mwanamke mwenye sauti ya chini na kucha zilizopakwa vizuri. Alikuwa akinirudishia mabuti ya mtoto, akaona Mwalimu yuko mwisho wa benchi anafukiza, akakaza macho.

"Unaona hiyo moshi?" akaniambia. "Hiyo moshi ndiyo ilianza."

Nikamwambia sikuelewa.

"Siku ya kwanza kuja kwangu, baada ya harusi. Nimewapikia, aki, nimeamka mapema. Omena, ugali, sukuma. Hiyo ndiyo chakula yetu, nikasema wacha waonje ya kwetu. Mzee anaingia, hata hajakaa, anatoa hicho kitu chake, anaanza kufukiza. Sitting room. Korido. Anakuja mpaka jikoni, anasimama nyuma yangu, anazungusha moshi kichwani kwangu kama mtu anafukuza mbu. Mbu ni mimi."

"Dada," nikasema, "kwa Wazanzibari udi ni heshima. Bibi harusi anafukizwa."

"Heshima gani mtu anafanya na pua imekunjwa?"

Niliyapokea mabuti ya mtoto. Omena ni dagaa kwa jina la Kenya.

"Mimi sitaki vita," akasema. "Shosho yake ni mgonjwa, najua, na inaniuma. Aseme tu pole. Neno moja, kwa mdomo wake, asitume mtu. Siku hiyohiyo nampeleka mtoto Al Twar. Mwambie, kwa sababu anakusikia wewe."

Hakuwa akinisikia mimi, lakini nilimwambia. Nilimwambia Jumamosi iliyofuata, nimepiga magoti nambania buti.

"Nshasikia hayo," akajibu. "Mke wangu ndiye aliyen'tuma, nenda kaifukize nyumba ya mwanao, iwe na baraka. Nikafukiza. Leo nimwombe radhi kwa kufukiza? Basi kesho niombe radhi kwa kutawadha."

"Na pua, Mwalimu? Ulikuwa umeikunja?"

Aliipangusa kwa leso. "Pua yangu ndivyo ilivyo."

"Basi omba radhi ya pua. Udi uache."

"Bana buti, mwanangu. Mtoto anangoja."

Tangu siku hiyo kinyaa changu kilihama. Kucha zake niliweza kuzivumilia, na leso yake pia. Nilichoshindwa ni kumwona anapanda na kushuka kwenye barafu chafu kwa ajili ya neno ambalo lingemchukua kupumua mara moja kulisema. Mke amelala anangoja. Mama anangoja nyuma ya kioo, na hakuwa mtu mbaya. Mtoto hajui kama kuna kinachongojwa. Na yeye yuko kwenye benchi anafukiza siri za miguu ya watu. Nilikuwa nikifika nyumbani International City nawasimulia wenzangu, nao wananiambia achana na mzee wa watu. Siwezi. Wapo watu wanaokutia kinyaa na huwaachi.

Siku ya moto ilikuja hivi. Chetezo cha betri kiligoma. Mtu mwingine angevaa mabuti yakiwa hivyohivyo siku moja. Mwalimu alikwenda garini, akarudi na chetezo cha udongo na makaa, akajificha nyuma ya makabati ya kukaushia glovu, akawasha. Udi wa makaa si wa betri. Moshi ulipanda mpaka darini, kidude cha kunusa moto kikaunusa, king'ora kikalia jengo zima.

Kila mtu alitolewa nje ya mlima. Kwenye korido ya maduka, baina ya manukato na baga, tulisimama na watu wenye makoti mazito na mabuti ya plastiki, wanatoa jasho, watoto wanalia, barafu inawachuruzika kwenye marumaru. Mwalimu alitoka wa mwisho, chetezo mkononi, hajakificha.

"Nani amefanya hivi?" meneja akauliza kwa Kiingereza.

"Mimi," Mwalimu akajibu kwa Kiingereza chake cha shule. "Mabuti yenu yananuka."

Watu wengine walicheka. Meneja hakucheka. Alimwambia khalas, asirudi tena mlimani. Na hapo ndipo mama wa mtoto alipopita katikati ya watu, amemshika mtoto mkono. Mtoto alikuwa analia, amesikia neno la kutorudi na amelielewa.

"Baba," mama akasema, na sikuwa nimewahi kumsikia akimwita hivyo. "Sema pole. Mwambie huyu sir, akusamehe. Ama uniambie mimi. Sema kwa mtu yeyote hapa, mimi nitaihesabu. Leo jioni namleta mtoto kwa shosho."

Mwalimu alitazama watu wote wale wanaotoa jasho. Alimtazama mtoto. Nilijisikia mimi mwenyewe nikilisema lile neno kimoyomoyo, kama unavyomsaidia mtoto aliyesahau shairi mbele ya wazazi.

"Pole ya nini?" akasema.

Akaondoka na chetezo chake, kinafuka bado, mpaka kwenye maegesho ya magari. Nilitema mate kwenye tishu. Nilitaka kumkimbilia nimtikise. Nilirudi nikapanga mabuti, na kila nililoshika lilikuwa na harufu ya udi, nikayapulizia ndimu yote.

Miezi ikapita. Mtoto aliendelea kuja, mama nyuma ya kioo. Akivaa mabuti alikuwa akitazama mwisho wa benchi. Siku moja aliliinua buti lake, akalinusa, akanitazama, akasema, "Kinyaa," pole pole, kama anayejaribu kama neno bado linafanya kazi. Nilimwambia ndiyo, mama, kinyaa kweli. Baadaye Jumamosi kadhaa mfululizo hawakuonekana kabisa, mama wala mtoto.

Mwalimu nilimwona tena wakati wa joto, tukiwa tumeletewa meneja mwingine asiyejua habari za moto. Alikuja na mfuko mkubwa wa duka. Alikuwa amekonda, na hakuja kwenye foleni. Alikwenda moja kwa moja mwisho wa benchi, akakaa, akatoa mabuti ndani ya mfuko. Mapya, meusi, bado yana karatasi ndani. Yake.

Nilijua haya hayakuwa ya muda tena. Bado nilitoka kaunta nikaenda kupiga magoti, kwa sababu goti lake lisingeweza kubana mabuti yale peke yake.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba." Papo hapo, bila kunusa.

"Bibi hajambo?"

"Bibi katangulia, mwanangu."

Nikampa pole. Aliitikia kwa kichwa. Nikabana buti la kwanza. Plastiki mpya ni ngumu, inahitaji nguvu.

"Mamake mtoto alikuja matangani," akasema. "Kaja na mtoto, kajifunga ushungi, kakaa na wanawake. Nikatoka ukumbini, nikamfuata mpaka mlangoni, nikamwambia, mwanangu, niwie radhi. Akasema yamekwisha, baba. Basi. Ilikuwa hivyo tu." Alitazama juu, kwenye viti vinavyopanda vitupu na kushuka vitupu. "Kahawa niliyoiacha kwenye kikombe nimerudi bado ya moto."

"Na mtoto?"

"Kaingia mlangoni kwa Bibi yake. Bibi kishatolewa."

Sikuthubutu kumtazama. Nikabana buti la pili. Nilikuwa na hasira naye, ile ya zamani, na ilikuwa haina pa kwenda tena.

"Sasa si anaruhusiwa nyumbani?" nikauliza. "Mama si amekubali?"

"Siku yoyote, kasema. Hata kulala."

"Basi kwa nini umenunua mabuti, Mwalimu? Si ulisema mtoto akishakuja nyumbani, hapa hatukuoni tena?"

"Nimpeleke kwa nani? Aliyekuwa akimtaka nyumbani ni Bibi. Mie ananiona hapahapa." Aliinua mguu wenye buti, akaniletea karibu na uso. "Hebu nuse."

Nikanusa. Palikuwa na plastiki kidogo, na chini yake hamna kitu.

"Hayanuki, Mwalimu."

"Eh. Hayanuki."

"Udi je?"

"Udi anachanganya nani?"

Kule kwenye viti filimbi ililia. Ilikuwa filimbi yake. Nilitazama shingoni mwake, haipo. Mtoto alikuwa ameivaa, amesimama kwenye foleni na helmeti yake, amerefuka, anapuliza na kuita, "Yalla, Babu! Yalla!" Nyuma ya kioo mama alikuwa amesimama, ameweka kiganja kwenye kioo.

Baridi ilikuwa inanitoa kamasi, au tuseme ilikuwa baridi. Boksi la tishu lilikuwa pale kwenye benchi, karibu na mkono wangu. Nikaliacha. Nikajifuta pua kwa mkono wa sweta, mara mbili, kwa sauti, mbele ya macho yake, nikamngoja. Aliona. Alinitazama vizuri kabisa. Kisha akashika fimbo zake za kutelezea, akasimama kwa taabu, akaenda kwa mtoto bila kuniambia kitu.